Mbwa Mwenye Nguvu Akianza Kuleta Shida: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kushika Fimbo

Katika nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe siku hizi, anayelala nyuma ya geti si yule mbwa wa kijijini aliyejilea mwenyewe kwa makombo ya jirani. Ni Rottweiler, ni German Shepherd ambaye wengi humwita Jemani tu, ni Boerboel, au ni chotara ambaye hata aliyemuuza hakujua amechanganyika na nini. Mwenye nyumba alimnunua kwa ajili ya ulinzi, na kwa miezi ya mwanzo kila mtu alimfurahia. Shida huanza mbwa anapokuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, wakati mbwa wakubwa wanapokomaa kitabia, na hapo ndipo simu yangu huanza kuita. Kazi yangu ni kufunza mbwa. Wateja huniita daktari ingawa cheti cha udaktari wa mifugo sina, nami nimechoka kuwasahihisha.

Mwongozo huu unafuata dalili, kwa kuwa dalili ndiyo kitu cha kwanza ambacho mwenye mbwa hukiona. Dalili moja, hata hivyo, huweza kuwa na vyanzo vitatu, na hatua inayofaa kwa chanzo kimoja huweza kuharibu kabisa pale ambapo chanzo ni kingine. Mbwa anayenguruma kwa maumivu akipigwa kwa kudhaniwa kuwa ni mkaidi, amefundishwa kwamba mkono wa binadamu ndio unaoleta maumivu.

Mbegu inaeleza nini

Swali la kwanza ninaloulizwa ni kama mbegu hii au ile ni ya hatari. Rottweiler amepewa jina la mji wa Rottweil huko Ujerumani, alikokuwa akiswaga ng'ombe wa wachinjaji na kulinda mali zao. Jemani aliwekwa kuwa mbegu rasmi mwaka 1899 na Max von Stephanitz, ofisa wa jeshi aliyetaka mbwa wa kuchunga kondoo mwenye akili, utii na pumzi ya kutembea kutwa nzima. Boerboel alilelewa kwenye mashamba ya Afrika Kusini kulinda mji na mifugo. Mbwa wa jamii ya pit bull wanatokana na wale waliokuwa wakichokonolewa kupambana na mafahali huko Uingereza, mchezo uliopigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835, na baadaye wakashindanishwa wao kwa wao.

Historia hiyo inatusaidia kujua mbwa atapenda kufanya nini asipopewa kazi: Jemani atafukuza vinavyokimbia, Rottweiler ataegemea na kusukuma kwa kifua, Boerboel atasimama katikati ya mgeni na mlango. Haitoshi, hata hivyo, kutabiri mbwa mmoja mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliokusanya taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba mbegu inaeleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kilichobaki kinatokana na mambo mengine mengi, yakiwemo malezi, afya, mazingira na historia ya mbwa mwenyewe.

Hapa lakini ndipo wapenzi wa mbwa tunapojidanganya, tukadhani kwamba kwa kuwa mbegu haileti ukatili basi mbwa wote ni sawa. Dume la Rottweiler hufika kilo 50, na Boerboel huweza kupita kilo 70. Kosa ambalo mbwa koko wa kilo 15 akilifanya linaishia kwenye suruali iliyochanika, likifanywa na huyu linaishia chumba cha upasuaji. Kwa hiyo mwenye mbwa wa namna hii hana nafasi ya kusubiri dalili ya tatu. Aanze kushughulika na ya kwanza.

Dalili: alikuwa mpole, amebadilika ndani ya siku chache

Ukiniambia kwamba mbwa wako alikuwa akicheza na watoto hadi juma lililopita na leo anakenua meno, sitauliza habari za mafunzo. Nitauliza amechanjwa lini.

Chanzo cha kwanza cha kuondoa shaka ni kichaa cha mbwa. Mbwa aliyeambukizwa huweza kukaa wiki kadhaa, hata miezi, akiwa mzima kwa macho, kisha akabadilika ghafla: mkali akawa mnyenyekevu kupita kiasi, mpole akawa mkali, sauti ikakwaruza, taya likalegea, mate yakatiririka kwa sababu kumeza kunamshinda, miguu ya nyuma ikayumba. Ukiona mchanganyiko wa dalili hizi usimfungue mdomo ukidhani amekwamwa na mfupa, kosa ambalo nimeliona likifanywa na watu wenye huruma. Mfungie mahali asipoweza kumfikia mtu wala mnyama, mwite daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata, na uandike majina ya wote walioguswa na mate yake. Dalili zikishaanza, hakuna tiba ya kutegemea, kwa mbwa wala kwa binadamu. Chanjo huanza mbwa anapofikisha miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Kampeni nyingi huwekwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, lakini mbwa aliyezaliwa Novemba asisubiri Septemba.

Chanzo cha pili ni maumivu, na hiki ndicho ninachokikuta mara nyingi zaidi. Katika nyanda zetu za juu kina msimu wake. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Makete na Njombe inapogandisha umande juu ya majani, na Mbeya mjini watu wanaposhinda wamevaa makoti, mbwa mkubwa aliyelala juu ya sakafu ya saruji huamka viungo vimekakamaa. Mbegu kubwa zina tatizo linalojulikana la mifupa ya paja isiyokaa sawasawa kwenye vikombe vya nyonga. Niliitwa Mafinga kwa Jemani wa miaka 6 ambaye, kwa maneno ya mama mwenye nyumba, "ameingiwa na shetani la asubuhi". Alikuwa akimfokea mtoto yeyote aliyemgusa mgongo kabla ya saa nne, na kuanzia mchana alikuwa yule yule wa zamani. Nilimwomba mama amwite kutoka bandani. Mbwa aliinuka kwa miguu ya mbele kwanza, akasita, akavuta ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, na hatua tatu za mwanzo zilikuwa fupi fupi kama za mzee anayeshuka kwenye basi la usiku. Hakukuwa na shetani hapo. Daktari wa mifugo alimpa dawa, baba mwenye nyumba akampigilia kitanda cha mbao kilichoinuliwa kutoka chini, wakatandika magunia na majani makavu, na watoto wakaambiwa wasimguse hadi ajisogeze mwenyewe.

Maumivu ya masikio, jino lililooza na homa zinazoletwa na kupe hufanya kazi ile ile. Mkague mbwa kwa mkono wako kila juma akiwa mzima, ili siku atakaposhtuka ujue ni wapi. Mambo mawili usiyafanye: usimpe dawa za maumivu za binadamu, maana ibuprofeni na diklofenaki huweza kumtoboa tumbo na kumwua figo, na usimmwagie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kipimo cha ng'ombe. La tatu ni la wale wanaowaonea mbwa huruma usiku wa baridi: jiko la mkaa lisiingizwe katika banda lililofungwa, kwa kuwa hewa yake huua mbwa kama inavyoua watu.

Dalili: anajirusha getini kwa kila anayepita

Hii ndiyo malalamiko makuu ya mitaa yetu, na mara nyingi huletwa kwangu kama sifa: "Huyu hata nzi hapiti." Mbwa anabweka kwa mwenye kuuza mboga, kwa wanafunzi, kwa msoma mita, povu mdomoni, kifua kikigonga mabati. Mwenye nyumba anaona ulinzi. Mimi naona mbwa asiyeweza tena kutofautisha.

Kule Isyesye, pembezoni mwa jiji la Mbeya, nilikuta Rottweiler wa miezi 14 aliyefungwa kwa mnyororo kwenye shina la mparachichi tangu akiwa na miezi 4. Mnyororo ulikuwa na urefu wa hatua mbili na nusu. Ndani ya duara hilo hapakuwa na jani hata moja. Udongo ulikuwa umesuguliwa ukang'aa kama sakafu ya kilabu cha pombe, na kwenye ukingo wa duara, upande wa geti, kulikuwa na mfereji mdogo uliochimbwa na kucha. Manyoya ya shingoni yalikuwa yameisha chini ya kola. Kila mtu aliyepita aliona mbwa mkali. Mbwa mwenyewe alichokiona, kila siku kwa miezi 10, ni dunia inayopita kwa hatua mbili nje ya uwezo wake wa kuifikia, kuinusa au kuikimbia. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia hatari, kwa hiyo hujifunza njia moja iliyobaki, nayo ni kuitia hofu ili iondoke. Na kwa kuwa wapita njia hupita, kila mara huona kwamba njia yake imefanya kazi.

Watoto wa jirani walikuwa wakisimama nje ya duara na kumrushia maganda. Mpira wao ulipoingia ndani ya duara siku moja, yaliyotokea hayakuhitaji mtaalamu kuyaeleza, ingawa mtoto alinusurika na mishono michache kwenye mkono.

Hatua za kurekebisha hazianzii kwa mbwa, zinaanzia kwa fundi wa kuchomelea. Geti la nondo zilizo wazi lizibwe kwa bati ili mbwa asione barabara kutwa nzima. Mbwa ahamishiwe upande wa nyuma, kwenye uzio wake wenye banda, kivuli na maji, badala ya mnyororo. Ukuta au uzio uwe juu ya kimo cha mtu mzima, na chini umwagiwe zege kidogo ili asichimbe. Katikati ya geti la nje na uwanja wa mbwa pawe na mlango wa pili, ili mgeni aliyefunguliwa geti kwa bahati mbaya asikutane uso kwa uso na mbwa. Kibao cha tahadhari kibandikwe, na kiandikwe kwa Kiswahili. Baada ya hapo ndipo mbwa atolewe kutembea kwa kamba mara mbili kwa siku, alfajiri na jioni, akitunzwa kwa kipande cha chakula kila anapomwona mtu na kubaki mtulivu. Yule wa Isyesye alichukua miezi 5 kabla hajaweza kupita mbele ya kijiwe cha bodaboda bila kunguruma, na sitadai kwamba amekuwa mbwa wa kuachiwa na watoto wa jirani.

Dalili: "ni mpole mno, hafai kwa ulinzi"

Msomaji anaweza kushangaa kuona upole ukiorodheshwa kama tatizo, lakini ndiyo malalamiko yanayozaa madhara makubwa zaidi. Mwenye mbwa wa miezi 8 anaona anawachekea wageni, anaambiwa na rafiki kwamba mbwa huyo ameharibika, na hapo matibabu ya mtaani huanza. Wapo wanaochanganya pilipili kwenye ugali wake. Wapo wanaompa bangi. Wapo wanaomfungia kwenye banda lenye giza asubuhi hadi jioni ili "asizoee watu", kisha humfungulia usiku. Wapo wanaomlipa kijana ampige akiwa amevaa koti geni, ili mbwa achukie wageni.

Pilipili humchoma mbwa mdomo na tumbo. Haiendi kwenye ujasiri. Giza na upweke humfanya mwoga, na mwoga mwenye meno ni hatari kwa wote bila ubaguzi, kuanzia na mtoto wa nyumbani anayekwenda chooni saa sita usiku. Mbwa aliyefundishwa kuchukia koti geni hana namna ya kujua kwamba aliyelivaa leo ni shemeji yako aliyefika kwa basi la kuchelewa kutoka Dar es Salaam. Isitoshe, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na baadhi ya mambo haya ni mateso kwa maana yoyote ya neno hilo.

Ukweli ni kwamba mbwa mkubwa wa miezi 8 bado ni mtoto. Silika ya kulinda hujitokeza anapokomaa, na kwa nyumba ya kawaida kinachohitajika ni mbwa anayebweka mapema, anayenyamaza akiambiwa, na ambaye ukubwa wake unatosha kumfanya mwizi achague nyumba nyingine. Ukihitaji zaidi ya hapo, kwa ghala au duka, tafuta mbwa aliyefunzwa pamoja na mshikaji wake, na uelewe kwamba unalipia watu wawili.

Dalili: anamtii kijana wa kazi peke yake

Baba mwenye nyumba amemnunua, mama amelipa chanjo, lakini anayempikia dagaa na pumba, anayemfungulia usiku na kumfungia alfajiri, ni kijana wa kazi. Siku kijana anapokwenda kwao Ludewa kwa msimu wa kulima na asirudi, familia inabaki na mbwa wa kilo 45 ambaye hakuna anayeweza kumrudisha bandani. Nimeitwa kwenye nyumba ambayo watu watano walikuwa wamefungiwa ndani hadi saa tatu asubuhi na mbwa wao wenyewe, huku watoto wakichelewa shule na baba akipiga simu dirishani.

Chanzo si ukaidi. Mbwa hutii uhusiano. Hajui hati ya manunuzi. Kila mtu mzima wa nyumba amlishe angalau mara mbili kwa juma, amwamuru akae kabla ya sahani kuwekwa chini, na amfungie na kumfungulia. Maneno ya amri yawe yale yale kwa wote: kama ni "kaa", isiwe kwa mwingine "keti" na kwa wa tatu "we mbwa". Kijana mpya akija, apitishwe na mtu ambaye mbwa anamjua kwa juma zima kabla ya kukabidhiwa ufunguo.

Dalili: ananguruma mbele ya chakula

Hapa vyanzo ni viwili, njaa na hofu ya kunyang'anywa, na mara nyingi vinakwenda pamoja. Sahani moja ya pumba kwa mbwa wa ukubwa huu haitoshi, na mbwa watatu wakilishwa kwenye sufuria moja wamefundishwa kupigana. Kila mmoja apewe sahani yake, mbali na mwenzake, na watoto wasipite karibu. Ule utaratibu wa kumpokonya chakula katikati ili ajue nani bosi huthibitisha kile alichokuwa akikihofia. Fanya kinyume chake: pita kwa mbali, rusha kipande kizuri zaidi kwenye sahani, ondoka. Baada ya majuma kadhaa ujio wako utakuwa habari njema.

Na tafadhali, usimwadhibu mbwa kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na onyo ni hisani. Mbwa aliyepigwa hadi akaacha kunguruma hajaacha kukasirika. Ameacha kukuambia, na safari ijayo ataanza na meno. Kwa wafugaji wa Rungwe na Njombe niongeze kwamba kokwa la parachichi likimezwa huweza kuziba utumbo, na mbwa mwenye tumbo linalouma hulinda sahani hata ikiwa tupu.

Dalili: anawauma wageni kwa nyuma

Mgeni ameingia, amekaribishwa, mbwa amejikunja pembeni mkia ukiwa chini. Mgeni anaaga, anageuka, na hapo anaumwa kwenye kisigino au paja. Watu humwita mnafiki. Huyu ni mbwa mwoga anayengoja wakati ambao hatari imempa mgongo.

Chanzo kinakuwa kimepandwa zamani. Kati ya wiki ya 3 na takribani ya 14 ya maisha yake, kijibwa hukusanya orodha ya vitu vya kawaida duniani: wazee wenye bakora, watoto wanaokimbia, mwavuli unaofunguliwa, pikipiki, mtu mwenye mzigo kichwani, padri mwenye kanzu. Kisichoingia kwenye orodha hiyo kitamtisha ukubwani. Sasa, vijibwa vingi huuzwa vikiwa na wiki 5 au 6, kwenye boksi, vikiwa havijajifunza kwa mama na ndugu zao namna ya kupunguza nguvu ya meno. Kisha hufungiwa ndani hadi viwe vikubwa. Usinunue kijibwa kilicho chini ya wiki 8, na ukatae kununua bila kumwona mama yake. Mama akiwa amejificha pembeni akitetemeka, ondoka hata kama bei ni nzuri.

Kwa mbwa ambaye tayari ni mkubwa, mgeni asimwangalie machoni wala kumnyooshea mkono. Amtupie chakula kwa mbali. Siku za shughuli, msiba au harusi, uwanja ukijaa watu, mbwa huyu afungiwe chumbani mapema, kabla ya turubai kufungwa. Hali kadhalika msimu wa ulanzi kule Iringa, wakati watu wanaporudi nyumbani kwa mwendo wa kuyumba na sauti za juu: mbwa husoma mwendo kabla ya kusoma sura, na jirani anayemfahamu mchana huwa mtu mwingine kabisa usiku. Kuhasi dume hupunguza kuzurura na ugomvi wa kugombania majike, lakini hakumwondolei mwoga hofu yake, na anayekuahidi hivyo anataka ada ya upasuaji.

Dalili: anafukuza bodaboda, mbuzi na kuku

Hii ni silika ya kuchunga au kuwinda iliyokosa kazi, na kila windo lililokimbia humtia hamu zaidi. Kamba ya kuongozea, geti lililofungwa na mazoezi ya kuitwa akarudi ndiyo tiba. Vipigo baada ya tukio havimfundishi kitu kwa sababu hajui anapigwa kwa lipi. Anayefuga mbwa mkubwa Uyole au vijijini Rungwe, ambako ng'ombe wa maziwa ni mali ya nyumba nzima, ajue kwamba atalipa fidia.

Anayevuta kamba hadi kumwangusha anayemshika hahitaji kola ya miba. Mnunulie mkanda wa kifuani unaofungwa kamba kwa mbele, na usimame kila anapovuta. Kama mtu hana nguvu ya kumzuia mbwa akiwa amesimama, asimtembeze barabarani, awe mtoto au bibi.

Ikiwa ameshauma mtu

Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Lisipakwe mafuta ya taa, tumbaku wala majivu. Kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama mbwa amechanjwa na jeraha ni mkwaruzo, akaelezwe kama anahitaji sindano za kichaa cha mbwa na pepopunda. Akianzishiwa, amalize zote. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe mahali salama na kutazamwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipouma ataonyesha dalili au kufa ndani ya muda huo, na uzima wake baada ya siku ya 10 ni habari muhimu kwa daktari anayemtibu aliyeumwa. Mwenye mbwa ajitokeze, alipie matibabu, na asiende kwa mjumbe kubishana nani alimchokoza nani. Kanuni ya Adhabu inamhesabia kosa mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake, na maneno "ni mbwa tu" hayajawahi kumsaidia mtu mbele ya hakimu mwenye akili.

Baada ya siku 10 ndipo swali gumu linapokuja. Mbwa aliyeuma mara moja kwa maumivu yaliyotibika, au kwa kosa la geti lililorekebishwa, huweza kuishi kwa usalama, akizoezwa kuvaa kifungio cha mdomo chenye matundu kila anapotoka. Mbwa aliyeuma kwa nguvu zaidi ya mara moja, bila onyo, katika nyumba yenye watoto wadogo, ni suala la kumwita daktari wa mifugo amlaze kwa sindano asiamke tena, mwenye mbwa akiwa pembeni yake. Njia ambayo siikubali ni ile iliyozoeleka: kumpakia kwenye gari usiku na kumpeleka kwa ndugu shambani Chunya au Makete, bila kusema kwa nini anatolewa. Ukimhamisha, andika kwenye karatasi siku alizouma, nani, wapi na katika hali gani, umkabidhi mpokeaji pamoja na kadi ya chanjo, na umwonyeshe kwa vitendo namna anavyolishwa na kufungiwa. Mpokeaji akisoma karatasi hiyo na kukataa, mrudishe mbwa nyumbani siku hiyo hiyo, na usimtafutie mpokeaji mwingine asiyesoma.